Chuchu Mbili za Mgeni

Ng'ombe alimnusa yule mgeni, akasita, kisha akaanza kumlamba mgongoni. Maziwa yakashuka. Mimi na mama mkwe wangu, Istahil, ambaye namwita Hooyo, yaani mama, tulitazamana juu ya kibuyu, hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Ulikuwa ukame ule mbaya, huku kwetu Hulugho. Tulibakiwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na ndama wake alikuwa amekufa. Wafugaji tuna dawa ya hilo: unaichuna ngozi ya ndama, unaitia chumvi, unamwekea mama ailambe wakati wa kukama. Bila hivyo hakupi hata tone. Binti yangu Ruweyda hakuwa na chakula kingine, maana kifua changu nacho kilikuwa kimekauka.

Ndipo nikamkuta mtoto wa arawla, yule swala ambaye wageni humwita hirola, amesimama kando ya mzoga wa mama yake. Nikambeba. Hooyo Istahil, mtu anayempimia paka maziwa kwa kifuniko, alinitazama kama niliyerukwa na akili. Halafu akaichukua ngozi ya ndama wetu, akamfunga yule mnyama mgongoni.

"Panapo arawla ng'ombe hustawi, wazee walisema," akanena. "Chuchu mbili za Ruweyda, mbili za mgeni. Bismillahi."

Kosa letu tuliliona baadaye. Ng'ombe alipoonja ndama aliye hai, hakuitaka tena ngozi tupu. Tulimjaribu, akaipiga teke. Maziwa ya mwanangu sasa yalimtegemea mnyama wa porini.

Elema, askari wa wanyamapori, alipopata habari alikuja akachuchumaa mbele ya yule mnyama, kofia mkononi.

"Mama, hawa wamebaki mia chache tu. Dunia nzima, ni huku kwetu tu. Na huyu hana hata binamu. Jamaa zake wa karibu walikwisha zamani, kabla mtu hajafuga mbuzi. Wakiisha hawa, mlango umefungwa. Akizoea ng'ombe, hatarudi kwao."

"Na huyu?" Nikamwonyesha Ruweyda.

Elema alivaa kofia yake. Aliondoka bila kumchukua yule mnyama.

Asubuhi moja wakaja. Kundi zima la arawla lilisimama ukingoni mwa vichaka, rangi ya mchanga, mstari mweupe juu ya macho, na chini ya kila jicho kile kitundu kinachowafanya waonekane wana macho manne. Wanyama hawa walishaipita nchi hii kabla haijaitwa jina lolote, na mmoja wao nilikuwa nimemfunga kamba mimi. Alikuwa ameiachia chuchu, masikio yameelekea kwao.

"Ukimwachia, mtoto atakunywa nini?" aliuliza Hooyo.

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, lakini kamba unayo wewe."

Nilimvua ile ngozi. Nikafungua fundo. Alikimbia bila kugeuka, na jike mmoja akatoka kundini akamnusa.

Ng'ombe alikauka wiki ileile. Ruweyda alikonda hadi nikaogopa kumwogesha. Hooyo Istahil, ambaye maishani hakuwahi kumwomba mtu hata kiberiti, alishika kibuyu akazunguka boma kwa boma akiomba maziwa, kila siku, mpaka mvua ziliponyesha.

Na kila aliporudi, kabla hata hajakitua, aliniuliza: "Umewaona leo?"