Kofia Ndani ya Pipa la Risasi

Chumba alicholazwa mama kilikuwa na kuta nene, choo chake peke yake, na mlango uliowekwa madini ya risasi ndani ili kuzuia mionzi. Alikuwa amemezeshwa kidonge cha iodini yenye mionzi ili kumaliza saratani ya tezi ya shingo. Tangu kidonge kiliposhuka, aliyekuwa wa kuogopwa si kidonge tena, ni yeye.

Mwanawe ndiye fundi wa kupima mionzi hospitalini hapo, na hakukuwa na mwingine. Alimweleza akiwa amesimama mlangoni. Kiini cha iodini kikivunjika hutupa chembe isiyofika mbali, na hiyo ndiyo inayochoma saratani. Kiini kinachobaki huwa bado kina nguvu za ziada, na hutulia kwa kutoa mwali wa gama. Mwali huo ni ndugu wa mwanga wa taa na mawimbi ya redio, ila huyu ndugu hapigi hodi. Hupita nyama, nguo na mlango wa mbao.

"Kwa hiyo nawaka," mama alisema.

"Unawaka, mama, ila hakuna anayeuona mwanga wako."

"Basi bili ya umeme msiniletee."

Wiki hiyohiyo alizaliwa mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa fundi. Mama aliiangalia picha kwenye simu iliyofungwa mfuko wa nailoni, kisha akatoa uzi mkobani na kuanza kufuma kofia nyeupe. Katika kitengo kile kila mkoba hukaguliwa, maana kinachoingia na mgonjwa huenda kisitoke naye. Mkoba wa mama haukukaguliwa. Nani atapekua mkoba wa mama yake? Heshima ni kitu kizuri, lakini kipima mionzi hakijui mama ni nani.

Siku ya kutoka, kipimo kilimruhusu mama. Kilipopitishwa juu ya mkoba kikapiga kelele. Fundi akaitoa kofia kwa glavu. Kelele zilizidi pembeni, palipokuwa na maua ya buluu.

"Haya maua umeyashonaje?"

"Kwa sindano. Macho yangu hayaoni tundu, nikawa nalowesha uzi."

"Kwa mate?"

"Wewe ulidhani kwa kitu gani?"

Iodini hutoka na mate, na mtoto mchanga hunyonya chochote kinachofika mdomoni. Fundi aliifunga kofia kwenye mfuko.

"Haitoki, mama."

"Nitaifua."

"Itapungua, haitaisha."

"Mkono mtupu haulambwi. Nitamwendea mjukuu wangu na nini?"

"Hata wewe humbebi kwa sasa. Subiri."

"Na nisipokuwepo?"

Mama aliumia, na hakujisumbua kuficha. Fundi akajibu swali jingine, lile alilolijua. Kila siku nane nusu ya iodini huisha, kisha nusu ya iliyobaki, hivyo hivyo, na baada ya miezi mitatu kofia itakuwa salama. Alikuwa amesema kweli tupu, na mama alitoka bila kumuaga.

Kofia ikaingia kwenye pipa la risasi stoo, pamoja na glavu na mashuka. Fundi alikuwa akiipima kila alipopata nafasi, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Miezi mitatu ilipopita, kipimo kikanyamaza.

Aliifikisha nyumbani mama akiwepo, kovu la upasuaji likiwa shingoni, mjukuu akiwa mapajani. Mke wa fundi akaijaribu. Ilikaa utosini kidogo, ikaruka. Mke akacheka, akauona uso wa mkwewe, akaacha.

"Ndivyo vichwa vya ukoo huu," mama alisema. Akaomba mkasi, akakata maua ya buluu, akaanza kuifumua kofia.

"Mama, usiiharibu," fundi alisema. "Tuiweke iwe ukumbusho."

"Ukumbusho wa nani? Hii niliifuma ndogo kwa sababu nilijua ataivaa karibuni tu, kwenye mazishi yangu."

Mama aliendelea kuvuta uzi mpaka kofia ikaisha. Kisha akauzungusha uzi kwenye kichwa cha mjukuu kupata kipimo, akaongeza vidole viwili, ili kofia mpya imtoshe na mwakani.