Betri Iliyoanikwa na Kahawa

Betri huanikwa, hilo kila mtu Songambele analijua. Tochi ikififia unazitoa, unaziweka juani, jioni zinakupa mwanga wa kwenda chooni na kurudi. Kwa hiyo bibi Placidia hakufanya jambo geni asubuhi ile alipozipanga pembeni mwa mkeka wa kahawa: nne nene za tochi, na mbili bapa kama shilingi, alizozichomoa kwenye mishumaa ya plastiki ya pango la Noeli. Ila Restuta, mkwe wake, aliporudi kutoka kukata majani ya mbuzi, bapa ilikuwepo moja tu.

Na bintiye Koku, miaka miwili na ushee, alikuwa amekaa katikati ya kahawa, mate yanamtiririka mpaka kifuani.

"Koku, umekula nini?"

Mtoto akagusa koo. Akajaribu kumeza, akakunja uso, mate yakarudi.

"Mama! Mama, njoo! Kameza betri!"

Placidia akatoka jikoni na sahani ya ndizi mkononi, hana haraka. Akamwangalia mjukuu, akamwangalia mkwe.

"Sasa kelele za nini? Huyo Yustus wako alimeza shilingi akiwa mdogo kuliko huyu. Tukamshindilia tonge la ndizi, kesho yake ikatoka yenyewe. Tukaiosha, ikaenda sadakani."

"Shilingi haina umeme, mama."

"Na hii inao? Imekufa! Haiwashi hata mshumaa wa bandia."

Bibi akaketi, akampakata Koku, akaanza kufinyanga tonge. Yustus, mume wa Restuta, alikuwa Nyakakika msibani kwa wajomba, simu yake haipatikani. Pale nyumbani neno la mwisho lilikuwa la Placidia, na mtoto alikuwa mapajani kwa Placidia.

Restuta akakumbuka shule. Fizikia alipata F, tena kijiji kizima kinajua, maana siku hizi matokeo ya mtu yanasomwa kwenye simu ya jirani kabla mwenyewe hajayaona. Lakini siku moja darasani alielewa. Mwalimu alichukua betri, akachovya nyaya mbili kwenye maji ya chumvi, vipovu vikapanda. Akasema umeme unachotaka ni njia tu, ya kutokea upande huu wa betri na kurudia upande ule. Haujali njia yenyewe ni waya au ni maji ya chumvi. Sasa mate je? Nyama ya koo je? Betri imebanwa pale, pande zote mbili zimelowa, si ndiyo njia yenyewe hiyo?

"Mama, nisamehe, usimpe. Hicho kitu kinamuunguza."

"Nani kakwambia? Hiyo fizikia iliyokupa sifuri?"

"Ndiyo. Hiyohiyo."

Akakimbilia jikoni. Nyama ya Jumapili ilikuwa kwenye bakuli, imeshatiwa chumvi. Akakata kipande, akairukia ile betri bapa iliyobaki kwenye mkeka, akaikunja ndani ya nyama kama mtu anayefunga senene kwenye jani, akaiweka miguuni pa mama mkwe.

"Angalia hapa. Kama haitafanya kitu, mpe hilo tonge."

"Waitu, huyu binti kachanganyikiwa," akasema Placidia. Lakini tonge likasimama mkononi.

Wakaangalia. Hakuna kitu. Restuta akaanza kuomba kimoyomoyo, na hata hakujua anaomba nini, iungue au isiungue. Koku alikohoa, akatoa sauti nyembamba kama ya kitoto cha mbuzi. Kila kukicha anamwambia mtoto huyu anyamaze, leo angeuza nyumba asikie kelele zake.

Baba Yetu ya tatu haijaisha, ukingo wa betri ukaanza kutoa vipovu. Vidogo, vyeupe, vinachemka bila moto. Placidia akainama. Akafunua nyama kwa kidole. Pale ilipokaa betri palikuwa pameanza kuwa peusi.

"Mawe!" akamaka kwa Kihaya, tonge likaanguka. "Na imekufa?"

"Imekosa nguvu ya taa, mama. Ya kuunguza bado inayo."

Bibi akamwinua Koku begani. Alisimama na mtoto, akamwita kijana wa bodaboda kwa sauti iliyovuka migomba mpaka barabarani: "Cassian! Lete pikipiki! Koku kameza betri! Cassian wee!"

Restuta alikuwa ameshampigia muuguzi Edith wa zahanati. "Hapa kwangu msipite, sina cha kumfanyia," akasema Edith. "Nendeni hospitali kubwa moja kwa moja, wampige picha. Msimpe chakula wala maji, msimtapishe. Kashapita mwaka? Basi mpeni asali, inapunguza kuungua; kijiko kidogo, na tena njiani. Lakini msisimame kuitafuta!"

Asali ilikuwepo, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Cassian akafika na pikipiki, na mkononi kashika sumaku kubwa ya spika.

"Shemeji, tuivute kwanza na hii! Ile ni chuma, itapanda."

"Itapanda wapi? Wewe unaivutia shingoni, itazidi kung'ang'ania nyama! Washa pikipiki!"

Njia ilikuwa tope. Placidia alikaa nyuma kabisa, viatu kaviacha nyumbani, mkono mmoja kamshika Restuta kiunoni na mwingine kabana chupa. Kila Cassian alipopunguza mwendo kwenye utelezi, Restuta alidondosha asali mdomoni mwa mtoto. Nyingine ilirudi na mate. Mara mate yakaja na uzi wa damu.

"Cassian, ongeza!"

"Tutaanguka, shemeji!"

"Ongeza, baba," akasema Placidia. "Tukianguka tutaamka."

Hospitali hawakuwaweka foleni. Picha ikaonyesha duara kooni, jeupe, na duara jingine ndani yake. Daktari akaigusa kwa kalamu. "Hii si sarafu," akasema, na akaanza kutembea haraka. Mlango ukafungwa.

Placidia alikaa chini sakafuni. "Ningelimpa ile ndizi," alisema. Restuta akaketi kando yake. Alimshika tu mkono, ule uliokuwa bado unanata asali.

Daktari alipotoka, alisema betri imetoka, kidonda kipo, tena kibaya. Mtoto atalishwa kwa mpira. Kidonda kama hicho kinaweza kuendelea kuchimba hata betri ikishaondoka, kwa hiyo hawezi kuwaahidi kitu. "Na sauti?" akauliza Restuta. "Sauti tutaisikia akiamka."

Wakangoja. Koku alifumbua macho, akaona mpira puani, akaona watu asiowajua, akapanua mdomo. Hakikutoka kitu. Restuta akaushika ukingo wa kitanda. Mtoto akavuta pumzi, akapanua tena, na safari hii kikatoka kitu chembamba, kinakwaruza kama mlango wa zamani.

"Asilie sana," akasema muuguzi, "atajiumiza."

Restuta alisikia, akaitikia kwa kichwa. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshainama sikioni mwa mwanawe, unasema, "Lia mara moja tu, mama. Mara moja tena."