Tairi Zenye Nywele

Kila asubuhi, kabla ya chai, Onema alilijaza gari lake upepo kwa pampu ya baiskeli. Tairi ya mbele kushoto ilidai mapigo mia mbili na kumi. Ya kulia iliridhika na mia na themanini. Zile mbili za nyuma zilibadilisha masharti yao kila siku, kufuatana na jua. Majirani wa Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, walikuwa wameacha kucheka zamani. Sasa walihesabu kwa sauti ya chini, kama watu walio ibadani, na Onema akifika mia mbili mtu mmoja alimletea maji ya kunywa.

Asubuhi hiyo alipiga pampu kwa haraka kuliko kawaida. Watu wa chanjo walikuwa wanakodi magari matano ya kupeleka masanduku ya barafu hadi Obokote, kazi ya siku kumi, mafuta juu yao. Orodha ingefungwa saa nane mchana. Jina la Onema lilikuwamo tayari, kwa kalamu ya risasi. Ili liandikwe kwa wino, ilitakiwa karatasi ya ukaguzi wa gari. Na bila kazi hiyo gari lingeuzwa vipande vipande, maana halikuwa limeingiza kitu nyumbani tangu mvua zianze. Mtu wa kununua injini alikwisha kuja mara mbili kulijulia hali, na mara ya pili alikuja na kamba ya kupimia.

Mkaguzi, Bwana Edouard, alikuwa amemrudisha jana yake. Hakugusa breki wala hakuomba taa ziwashwe. Aliinama, akazitazama tairi nne moja baada ya nyingine, halafu akanyooka na huzuni ya daktari.

“Papa Onema,” alisema, “hizi haziko na nywele.”

Nywele ni vile vijiti vyembamba vya mpira ambavyo tairi hutoka navyo kiwandani, na ambavyo hulika zikianza kutembea. Penginepo duniani havina maana yoyote. Lakini miaka ya vita, Kindu ilikaa bila treni, msitu ukameza barabara, na kwa muda mrefu hakuna aliyeiona tairi mpya kwa macho yake. Treni ya kwanza ilipoingia baada ya vita ilishusha tairi zenye vijinywele hivyo, na nusu ya mji ikaenda stesheni kuzipapasa. Tangu siku ile Kindu ina imani moja ambayo Waislamu na Wakristo wanaishika pamoja bila ugomvi: tairi yenye nywele ni mpya, isiyo na nywele ni maiti.

Kwa hiyo saa mbili na nusu Onema alikuwa sokoni, mbele ya duka la Sumaili, chini ya kibao kilichoandikwa PNEUS PERFORMANCE, yaani tairi za mbio, kwa rangi iliyobaki kwenye ukarabati wa kanisa. Ndani, juu ya meza yenye kitambaa cha maua, zilikaa tairi nne ambazo hakuwahi kuona mfano wake. Zilikuwa pana, nyeusi, zenye mikato mikali, tayari zimevishwa rimu za kung’aa. Nywele zake zilisimama kama za mtu aliyetishwa.

Sumaili alimwonyesha herufi moja ubavuni mwa tairi. “Ona hii V, papa. Maana yake gari inaweza kukimbia kilometa mia mbili makumi ine kwa saa.”

Onema aliifikiria barabara ya Lubutu, ile ya kwendea Obokote, ambako mwaka jana alipitwa na mwanamke aliyebeba kikapu cha mihogo kichwani, naye mwanamke akamwambia pole. Lakini mtu akipenda amependa. Alizipapasa. Pesa iliyofungwa katika leso yake ilitosha kununua tairi nne za okazio, zile zilizokwisha kutembea nchi za watu, au tairi mbili za performance na sala kwa ajili ya mbili nyingine. Alikuwa ameanza kuchagua sala.

Ndipo Mama Halima alipovuka barabara na kisu chake mkononi, bila kuitwa na mtu.

Mama Halima alikuwa mshona viatu vya mpira. Wakati wa vita, malori yalipokufa njiani, yeye alikuwa msichana wa miaka ishirini aliyezikata tairi zao na kuzigeuza viatu. Nusu ya Kindu ilikimbia ikivaa kazi ya mikono yake, ikarudi ikiivaa. Askari wa pande zote walivivaa pia, na baadhi yao walilipa. Alikuwa amepasua tairi nyingi kuliko matumbo aliyopasua daktari yeyote wa mkoa.

Alimwuliza Onema anakwenda wapi. Onema alisema Obokote. Mama Halima alirudia neno hilo, akazitazama zile tairi juu ya meza, kisha akaloweka pindo la kitenge chake kwa mate na kusugua ubavu wa tairi ya kwanza. Zikatokea tarakimu tatu ndani ya kisanduku kidogo: 237.

Alieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto mkubwa. Kila tairi imeandikwa siku yake ya kuzaliwa, juma kwanza, halafu mwaka. Za siku hizi zina tarakimu nne. Zenye tatu ni za kabla ya mwaka elfu mbili. Hii ilizaliwa juma la ishirini na tatu la mwaka wa tisini na saba, na kwa hiyo ilikuwa imeikuta vita Kindu na kuiaga.

Sumaili hakubisha. Vita ilipokaribia, baba yake alijenga ukuta wa matofali ndani ya bohari na kuficha mali nyuma yake. Askari walichukua sukari, chumvi, mizani na milango, lakini hakuna aliyefikiria kuchukua ukuta. Mzee alifariki na siri yake. Mwaka jana mvua iliuangusha ukuta, na tairi zikatoka na nywele zake zote, kama maharusi.

“Lakini hazijatembea hata siku moja,” alisema Sumaili.

“Tuseme ni mukate ambao hakuna aliyeuuma, baba,” alijibu Mama Halima. “Kama umekaa nyuma ya ukuta miaka hii yote, utaukula?”

Aliikandamiza tairi kwa vidole gumba viwili. Ubavu ulifunguka nyufa ndogondogo, mamia, kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi. Onema alihisi aibu ya mtu aliyepeleka posa kwa kuona picha tu.

Walikwenda nyuma ya duka, kwenye rundo la okazio. Kwa saa nzima Mama Halima aliwageuza wale wazee walioota vipara. Alisoma tarakimu, akakandamiza ubavu, akaingiza mkono ndani kutafuta viraka, akanusa, akatumbukiza njiti ya kiberiti katika mikato kupima kina chake. Moja ilikuwa na mikato mizuri mno. Aliitupa, maana mikato hiyo ilichongwa juzi kwa kisu cha moto, na yeye alimjua aliyeichonga. Mwishowe walisimamisha nne za kipimo kimoja, tatu za mwaka 2021 na moja ya 2020. Hazikuvutia hata kidogo. Kichwa cha kiberiti kilizama chote katika mikato yake, na ubavu wake ulirudisha kidole kwa nguvu. Kwa bei yake hakuna aliyeweza kupata bora mjini. Zilifungwa katika rimu za Onema, na leso ikabaki na pesa ya kikombe cha chai na ada za ofisi. Alipoondoka aligeuka mara moja kuitazama ile meza.

Ofisini kwa Bwana Edouard alilipa pesa ya fomu, pesa ya muhuri, na pesa ya wino wa muhuri. Kisha mkaguzi akatoka uani, akainama, akanyooka na ile huzuni yake.

Onema alimwonyesha tarakimu. Alimkandamizia ubavu na kumtumbukizia njiti. Alisema yote aliyofundishwa asubuhi ile, na Bwana Edouard alisikiliza kwa adabu na kukubali kila neno.

“Uko na haki, papa. Lakini fomu inasema pneu mupya, na chef wangu, mukubwa wa ofisi, anajua mupya kwa nywele. Mi nitafanya nini? Nenda kwa Sumaili. Saa nane haijafika.”

Sumaili hakushangaa kumwona. Jeki ilikuwa imekwisha kutolewa nje.

“Unanunua ao unakodi?” aliuliza.

Hapo ndipo Onema alipoelewa biashara ya duka lile. Hakuna aliyewahi kuzinunua zile tairi nne. Tangu ukuta uanguke zilikuwa zimepita ukaguzi mara thelathini na sita, chini ya teksi, chini ya jeep ya misheni, chini ya gari la kubebea maiti. Rimu zake zilikubali karibu kila gari la Kindu. Hazikuwahi kwenda mbali kuliko mita mia sita, yaani kutoka dukani mpaka ofisini, halafu zikarudi.

Pesa ya kukodi hakuwa nayo. Mama Halima alizitazama tairi za zamani za Onema, zile za mapigo mia mbili, zilizoachwa pale dukani, akasema zingetoa jozi ishirini za viatu na nne za watoto. Alizinunua palepale. Pesa aliyotoa ilitosha kukodi kwa saa moja.

“Mama,” Onema alimwambia, “nimehangaika tangu asubuhi kutafuta mipira mizuri, na sasa niko nalipa mibaya.”

“Mibaya njo ya ofisi,” alisema Mama Halima. “Mizuri njo ya njia. Usichanganye tu.”

Basi magurudumu mazuri yakaingia nyuma, mawili kwenye buti na mawili kwenye kiti, na gari likatembea mita mia sita juu ya urithi wa marehemu. Onema aliliendesha kama amebeba mayai ya mtu mwingine. Kwenye kila shimo tairi zilitoa mlio wa kikapu kikavu, naye akaacha kupumua. Sumaili alitembea pembeni na chupa ya gundi mfukoni, maana si nywele zote zilizokuwa za kuzaliwa nazo.

Bwana Edouard aliinama. Alizipapasa kwa kiganja. Uso wake ulitulia kabisa, akaandika kwenye fomu: pneu nne, mpya. Muhuri ulishuka saa saba na dakika thelathini na tano.

Watu wa chanjo walikuwa nyumba ya tatu kutoka pale. Onema alikimbia na karatasi mkononi, akalitazama jina lake likifuatwa kwa wino, herufi baada ya herufi, na ilipofika A ya mwisho akaomba kiti. Mtu wa injini angelazimika kutafuta mgonjwa mwingine. Alikaa pale dakika tano, anacheka peke yake, halafu akarudi kuchukua gari.

Alimkuta Bwana Edouard amesimama kando ya gari, bila kofia.

“Yaya Onema,” alisema, na hakuwahi kumwita yaya, yaani kaka mkubwa, “watu wa chanjo, wanakubali ubebe mutu mumoja hapo mbele?”

Ni mama yake, alieleza. Alikuja Kindu kutibiwa macho, sasa majuma matatu anatafuta njia ya kurudi Obokote. Pikipiki hawezi. Onema alisema kiti kipo, na mama asilipe.

Mkaguzi alishukuru. Lakini hakuondoka. Alizitazama tairi alizotoka kuzipigia muhuri, akatazama huku na huku, akashusha sauti.

“Lakini hautamubeba mama na hizi?”

Onema alizunguka hadi nyuma ya gari. Alifungua buti. Bwana Edouard aliinama kwa mara ya tatu siku ile, ila sasa aliikandamiza tairi kwa vidole gumba viwili, kwa nguvu zake zote, akasoma tarakimu nne huku midomo yake inatembea. Alipumua kwa kishindo, kama mtu aliyetua mzigo.

Kisha alivua koti la serikali, akalitundika kwenye kioo cha pembeni, na kumnyang’anya Sumaili spana. Ilikuwa katikati ya uwanja wa ofisi, mbele ya foleni ya magari yasiyo na nywele na madereva wake. Aliyabadilisha magurudumu yote manne mwenyewe. La mbele kulia, upande ambao mama yake angekaa, alikaza nati zake, akazikaza tena, halafu akamwomba Onema azijaribu na yeye.