Nyayo Sita Chini ya Mkeka

Mwanatabu aliiona chaki kwenye ndara zake za nyumbani siku ya Jumatatu, alipozivua atie udhu wa alasiri. Ilikuwa mstari mweupe, mwembamba, uliozunguka ukingo wa kila ndara toka kisigino hadi kidole, kana kwamba mtu ameziweka chini akazichora pembeni. Akasimama na kopo la maji mkononi.

Hapo Likoni hata mtoto mdogo ajua maana ya kuchukuliwa unyayo. Mwenye nia mbaya hahitaji nywele wala ukucha; unyayo wako humtosha. Na nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mumewe Mwidani. Mwana wao Mbwana alikwisha kuoa, akahamia Kisauni. Chaki nazo zilikuwa zake mwenyewe: mwalimu wa ngumbaru, darasa la watu wazima la kusoma, alimpa vipande vitano ajizoeze kuandika nyumbani, na sasa alipohesabu aliona viwili.

Akamwendea jirani yake, Mwanasaumu, akamweleza. Mwanasaumu hakuacha hata kupepeta mchele.

"Shoga, mwanamume akikupima unyayo, ana mawili," alisema. "Ama akufunge mdomo aoe mwingine, ama akuzike aoe mwingine."

Kisha akamtajia fundi mmoja wa uganga upande wa Mtongwe, hodari wa kurudisha nyayo. Mwanatabu akakataa. Alisema hawezi kumpelekea binadamu jambo ambalo Mungu yu macho analiona. Mwanasaumu akacheka kidogo, akamwambia asome dua zake basi, lakini akumbuke kwamba na mumewe huenda anasoma yake.

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Mwidani alikuwa mhudumu wa hoteli moja ya pwani, mtu wa miaka hamsini, mpole, asiyejua kufoka. Wiki mbili hizi alikuwa amebadilika. Alirudi kutoka kazini mapema, akila alitazama sahani, na akiulizwa kitu hushtuka. Tena alikuwa na tabia mpya: akikaa, mguu wake ulijisogeza wenyewe mkekani, mara mbele, mara pembeni. Mwanatabu aliutazama mguu ule akasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, akairudia.

Jumatano, alipokuwa akifagia chumba cha ndani, aliukunja mkeka. Sakafuni palikuwa na nyayo.

Zilikuwa nyayo za watu wawili zilizochorwa kwa chaki, kubwa sita na ndogo sita, zikielekeana, kila moja na namba yake. Alizifuata kubwa kwa macho. Ya kwanza mbele, ya pili pembeni, ya tatu ikaja kuungana nayo. Ya nne ikarudi nyuma, ya tano pembeni, na ya sita ikaishia pale safari ilipoanzia. Mtu huyo alikuwa akizunguka pembe nne asifike popote. Zile ndogo zilikuwa kipimo kamili cha mguu wake Mwanatabu. Kando yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, naye akaiinamia akaanza kuunganisha silabi kama alivyofunzwa. Po-le-po-le. Ha-ra-ka. Ha-ra-ka.

Kila siku alimwomba Mungu asimchukue kabla hajajua kusoma, apate kuisoma tafsiri ya Kurani kwa macho yake. Hakutaraji kwamba maneno ya kwanza atakayoyasoma bila mwalimu yatakuwa hayo. Akaulaza mkeka kama ulivyokuwa, akatoka nje, akakaa kizingitini.

Alhamisi alikwenda darasani kama kawaida, lakini hakuona kitu ubaoni. Akaomba ruhusa, akarudi nyumbani jua lingali juu. Mlangoni alivua viatu. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani alimsikia mumewe akinong'ona: "Polepole, haraka, haraka. Polepole, haraka, haraka."

Akalisogeza pazia kidogo. Mwidani alikuwa amefumba macho, mkono mmoja ameunyoosha, wa pili ameukunja kama anayeshika mgongo wa mtu. Mtu hakuwapo. Alizunguka na huyo asiyeonekana kwa adabu na uangalifu mkubwa, na Mwanatabu akakumbuka alivyosikia habari za wanaume wanaoolewa na majini. Akatamka bismillahi, akaingia.

"Baba Mbwana, ni nani huyo uliyemkumbatia?"

Mwidani alifumbua macho, mikono ikaanguka. Kwa muda alitafuta pa kutazama. Kisha akaketi palepale sakafuni, akaeleza yote.

Hoteli ilikuwa imepata mkubwa mpya, naye alitaka kila Jumamosi jioni wahudumu wawafundishe wageni rumba. Mwalimu, mama mmoja wa makamo, alikuwa akiwafunza hatua zile sita. Aliwaambia kwamba rumba ilizaliwa Kuba, kwa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo, wakachanganya ngoma zao na magitaa ya Wahispania. Wazungu wakaipenda, wakaitilia hesabu na kuiingiza kwenye kumbi zao. Ile ya Kongo iliyokuwa ikisikika redioni, alisema, ilikuwa kama mjukuu aliyerudi kwa bibi yake. Hatua ya kwanza huenda polepole, mbili zifuatazo haraka. Na kiuno hakitikiswi: uzito ukihamia mguu mmoja na goti likanyooka, kiuno hufuata chenyewe.

Hilo la kiuno Mwanatabu hakuhitaji kufunzwa. Kila mwanamke aliyewahi kuingia ngoma ya chakacha arusini alilijua. Lakini hakucheka.

"Na hizi ndogo ni za nani?"

"Zako. Nilipima ndara zako."

"Kwa nini zangu?"

"Mwalimu alisema, mkiwa peke yenu nyumbani, kila mtu amuwaze wa kumshika." Alisugua chaki vidoleni. "Mimi simjui mwingine. Na kukwambia niliogopa. Wewe ni mtu wa swala."

Mwanatabu alitazama nyayo zake. Zilianza kwa kurudi nyuma. Mwanamke wa ngoma hii hakuona aendako. Hofu ya fundi na majini ilimtoka, ikaingia nyingine, ya mwanamke mgeni wa Jumamosi atakayesimama pale.

"Kazi sikukatazi," alisema. "Nakwambia tu naogopa."

Akachukua kitambaa na maji, akafuta nyayo ndogo zote sita. Zile kubwa akaziacha.

Jumamosi jioni alikaa juu ya mswala tangu magharibi, akiomba bila kujua aombe nini hasa. Isha haijaadhiniwa, Mwidani akabisha hodi. Mwanatabu alipompokea mfuko aliigusa mikono yake. Vidole vilikuwa vimekunjamana, vyanuka sabuni, kama vya mtu aliyeosha vyombo kutwa nzima.

"Nimerudishwa jikoni," Mwidani alisema. "Nilimwambia mkubwa nitawafundisha wanaume peke yao. Hakutaka."

Mwanatabu alikwenda chumba cha ndani, akaukunja mkeka, akavua ndara, akasimama mahali palipokuwa patupu, mbele ya nyayo kubwa. Mwidani akamfuata, akatoa mkono mmoja, akasitasita kuutoa wa pili.

"Polepole," alisema.

Mwanatabu akarudisha mguu nyuma bila kugeuka kutazama.