Ruhusa ya Mtani

Suruali ya marehemu ilimpwaya Selestina kiunoni, akaifunga kwa kamba ya katani mbele ya waombolezaji wote, bila haraka, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu. Akavaa koti la kaki lenye madoa ya njano ya salfa. Akaivuta kofia ya marehemu Mzee Zabroni mpaka kwenye nyusi. Kisha akakohoa. Kikohozi kimoja tu, kile cha kuanzia tumboni, na kina mama waliokuwa wakilia wakashtuka, halafu wakaangua kicheko machozi hata hayajakauka.

"Yu hai huyu!" mmoja alipiga kelele. "Angalieni jeneza, mtu wenu katoka!"

Ukoo wa Selestina na ukoo wa Zabroni ni watani tangu enzi za mababu. Msiba wa hawa ni kazi ya wale: kumvaa marehemu, kumwigiza, kumsema, mpaka wafiwa wacheke wapate nguvu ya kwenda makaburini. Mtani hakasirikiwi. Kijiji kizima cha Mnyambe kinalijua hilo, na hilo ndilo Selestina alilolingoja miaka mitatu. Juzi aliposikia kwamba mzee kaanguka shambani na hakuinuka tena, hakulia. Alikwenda kuoga, akajipaka mafuta, akaanza mazoezi ya kikohozi.

Zabroni alikuwa kiongozi wa kundi la kupuliza salfa, wale wanaopita shamba kwa shamba na mashine mgongoni mikorosho inapochanua, kabla ubwiri, ule ukungu mweupe, haujayala maua. Selestina aliingia kundini akiwa hana mbele wala nyuma: chuo kakiacha mwaka wa pili, nyumbani kila mgeni anamuuliza sasa atakuwa nani. Mashine ile ya kunguruma mgongoni ndiyo iliyomnyoosha. Alijifunza kuusoma umande, kuusoma upepo, kujua mti upi upigwe kutokea chini na upi uzungukwe. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa anaamka alfajiri bila kuamshwa. Mzee mwenyewe alikuwa akimwambia kila mtu, "Huyu binti atanizidi."

Lakini mzee hakungoja azidiwe. Siku ya shamba la Theodora walichelewa, jua likawa limeshapanda. Selestina akasema tuache, salfa na jua kali haviivani. Mzee akasema, "Piga." Akapiga. Wiki haikuisha, maua yakawa meusi shamba zima kama yaliyopitiwa na moto. Kwenye mkutano wa kijiji Zabroni alisimama, akakohoa, akasema binti alikwenda peke yake, kwa kiburi cha chuo. Tangu siku ile hakuna aliyemwachia mashine hata aifute vumbi. Watoto walimwita Kiberiti. Theodora hakuitikia tena salamu yake.

Sasa alikuwa amesimama katikati ya ua, ndani ya nguo za adui yake. Alitembea kwa kuburuta mguu wa kushoto. Alimfokea mbuzi wa jirani. Alimwomba mjane chai, akaionja, akamrudishia: "Mama Danieli, sukari imekwenda Masasi haijarudi?" Mama Danieli, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia hata maji kinywani, alicheka mpaka akajilaza mkekani.

Basi, akajisemea Selestina. Wameiva.

"Nawaonyesha na siku ya shamba la Theodora," alisema. Akasimama upande huu, kwa sauti yake: "Mzee, jua limepanda." Akaruka upande wa pili, kikohozi: "Nani kiongozi hapa, mimi au wewe?"

"Mzee, yataungua."

"Piga! Na yakiungua nitasema ni wewe. Nani atamwamini msichana aliyeshindwa chuo?"

Akangoja dunia ipasuke.

Walivunjika mbavu. Vijana walipigana mabega. "Muongo huyu!" alilia mjane kwa kicheko. "Muongo, jamani, lakini anajua!" Hata Theodora alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kanga. "Mtani hana haya," alisema, "mpaka shamba langu kaliingiza!"

Hilo Selestina hakuwa amelipigia hesabu, miaka yote mitatu. Ruhusa ya kusema lolote ilikuwa imezaliwa na pacha wake: kutoaminiwa chochote. Ukweli wake ulikuwa umetoka hadharani, umevaa kofia na kamba ya katani, na watu wameupigia makofi.

Akaivua kofia. Akavua koti. Akafungua kamba, suruali ikaanguka chini, akabaki na gauni lake na kanga kiunoni.

"Dada Seli, mbona unavua?" aliuliza Danieli, mtoto wa marehemu. "Hata makaburini hatujafika."

"Utani nimemaliza. Sasa anaongea Selestina binti Erasto." Kicheko kilikatika hapa, kikaendelea pale, kikafa. "Nikolao. Siku ile ulikuwepo. Galoni la petroli ulilishika wewe."

Nikolao alikuwa msaidizi wa mzee, na tangu asubuhi alikuwa akiwapangia watu pa kukaa, kama mtu aliyekwisha kuzirithi mashine. Alibaki ameshika kiti hewani.

"Unamtukana maiti mbele ya mwanawe?" Danieli aliinuka, ngumi imekunjwa. Bila koti, hakuna kilichomkinga Selestina, na wote wawili walilijua hilo. Hakurudi nyuma.

"Kaa, mwanangu," alisema Mama Danieli kutoka mkekani. Hakuwa anacheka tena. "Maiti hajaulizwa kitu. Kaulizwa Nikolao."

Nikolao alikiweka kiti chini taratibu, kana kwamba kilikuwa cha kioo.

"Nilikuwepo," alisema.

"Na?"

"Alisema piga. Mara mbili."

Selestina alikuwa ametegemea utamu. Ulikuja, ila kama bibo la mkorosho lisiloiva vizuri: tamu ulimini, kisha linakaba koo. Mzee alilala kwenye jeneza lake, hana la kukana wala la kuomba radhi.

Theodora ndiye aliyesimama. Alikung'uta kanga, akaikung'uta tena, akasogea karibu. Samahani haikutoka.

"Maua yangu yamefunguka," alisema kwa sauti ya chini. "Na ubwiri umeshaingia kwa jirani. Mnaanza lini?"

Nikolao alifungua mdomo, lakini macho ya Theodora hayakuwa kwake.

Selestina alimwacha Theodora asimame. Alimwacha asimame muda wa kutosha, mpaka kila mtu uani akaona kwamba ameachwa asimame. Kisha akainua uso, akaangalia majani ya juu kabisa ya mkorosho uliokuwa nyuma ya nyumba.

"Keshokutwa tunaanua matanga," alisema. "Siku ya pili yake, saa kumi na moja alfajiri, kwako. Mifuko ya salfa atabeba Nikolao. Yote. Na asiguse mashine mpaka niseme."

"Sawa, Mzee," alijibu Nikolao.

Watu waliangaliana, kila mmoja akingoja mwingine aanze kucheka. Hakuanza mtu. Na Selestina hakumsahihisha.