King'ora cha Jumatano

King'ora cha majaribio kinapaswa kulia kwa muda gani kabla mtu hajaruhusiwa kuogopa? Sikujua. Nilikuwa likizoni kutoka chuoni, nimesimama jikoni kwa bibi yangu, Ozite Narcisse, na saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika mbili.

Kila Jumatano saa sita mchana, kiwanda cha klorini kilicho ng'ambo ya reli hukijaribu king'ora chake kwa dakika moja. Katika ukingo huu wa mto, hapa Louisiana, hata watoto hunyamaza dakika hiyo, kisha huendelea na sentensi pale walipoiachia. Bibi alikuwa akikata bamia, wala hakuinua macho.

"Bibi, hakijanyamaza."

"Leo Jumatano, mtoto. Chukua kisu unisaidie."

"Dakika ya tatu sasa!"

"Basi aliyeko zamu kasinzia juu ya kitufe." Alicheka. "Hao wanalipwa kusinzia. Muulize mjomba wako."

Simu ikalia. Alikuwa Mjomba Lucius, kitinda mimba wa Bibi na fundi wa zamu kiwandani humo. Sauti yake ilitokea nyuma ya barakoa.

"Delphine, fungeni madirisha! Si majaribio haya. Ni vali ileile ya gesi iliyovuja mwaka jana. Msitoke nje, unanisikia? Msitoke!"

Chini ya kitanda cha Bibi kulikuwa na sanduku la njano. Vali hiyo ilipovuja mwaka jana, kampuni ilitozwa faini, na sehemu ya faini ikageuzwa masanduku ya dharura, moja kwa kila nyumba: karatasi ya plastiki, utepe wa gundi, na kijitabu chenye picha ya familia inayotabasamu. Nililifungua. Gundi ilikuwa imekauka. Nilipoubandika utepe huku, ulibanduka kule, na harufu kali ya dawa ya kufulia ilikuwa imekwisha kupenya chini ya mlango. Bibi ana pumu. Aliacha kucheka, akashika ukingo wa meza.

Nililowesha mataulo, nikamvuta hadi bafuni, nikaziba mlango, kisha nikahesabu pumzi zake kwa sababu sikuwa na jambo lingine la kufanya. Kati ya pumzi na pumzi palikuwa na ukimya ambao hadi leo sijamsimulia hata mama yangu.

"Usilie," alininong'oneza. "Utanimalizia hewa."

Ijumaa hospitali ilimrudisha nyumbani akiwa na mtungi wa oksijeni. Mjomba alikaa kando ya kitanda chake, na nilimuuliza kwa nini vali haikubadilishwa.

"Kuibadilisha lazima mtambo uzimwe siku tisa," alijibu. "Faini yao ni mauzo ya asubuhi moja. We si msomi? Piga hesabu." Kisha akashusha sauti. "Na hukuyasikia kwangu. Nina watoto watatu mimi."

Jumamosi tuliitwa kwenye ukumbi wa kanisa. Bwana Thibaut, msemaji wa kampuni, alikuwa amekunja mikono ya shati kama mtu aliyekuja kutusaidia kupanga viti.

"Faini mpya tumeikubali yote, hatukubisha hata senti," alisema kwa upole. "Na safari hii masanduku yatakuwa makubwa zaidi."

Kila nyumba ingepewa dola mia sita, mradi itie sahihi kwamba haitakwenda mahakamani. Nilimtazama usoni nikitafuta hofu, japo chembe. Sikuiona. Jumatano nyingine ilikuwa imebakiza siku nne.

"Saini tu, mwanangu," jirani yetu Earline alinigusa bega. "Hizo si hela za bili ya umeme hizo?"

Karatasi ilimfikia Bibi, naye akanisukumia mimi pamoja na kalamu.

"Sema wewe," alisema, mtungi ukivuma miguuni pake. "Mimi sina pumzi ya kugombana na watu."

Nilisimama. Sikuthubutu kugeuka upande alikokaa Mjomba.

"Hatusaini," nilisema. "Jumatatu mimi na Bibi tunafungua kesi. Hatutaomba faini. Tutamwomba hakimu aamuru mtambo uzimwe mpaka vali ibadilishwe. Anayetaka kufuatana nasi, tunaondoka saa mbili asubuhi."