Kitoweo cha Mzee Mbarouk

Mwaka wa sabini na tatu, karakana ile ya Hockley, mjini Birmingham, ya kupaka vyuma nikeli ilikuwa imekwisha kuwala watu mapafu, na hakuna tajiri aliyeitwa popote kujibu. Ndipo wafanyakazi wakaamua kumchagua msemaji wao. Kura ilikuwa Jumatatu. Mselem, kijana wa Kizanzibari mwenye Kiingereza cha shule, aliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukamruka. Na kuitaka si kosa. Mtu mweusi alikuwa hajapata kusimama mbele ya matajiri wale ila kuulizwa kwa nini amechelewa.

Jumamosi kabla ya kura, chama cha wafanyakazi kikawakodia basi kwenda pwani ya Wales kuvua. Ilikuwa Aprili, jua limetoka lakini baridi bado ina meno. Huko alikuwepo Bwana Pugh, kazi yake kuwaongoza wageni majini: unamlipa, anakuvisha buti za mpira mpaka kiunoni, anakutembeza kwenye maji ya magotini, kisha mnakokota pamoja juya lake, ule wavu mrefu wa kuburuta.

"Samaki ni wangu," Pugh alimwambia Mselem kabla ya kuanza. "Nyinyi mmekuja kufurahi. Mwambie na yule mzee wako."

Mzee mwenyewe alikuwa Mbarouk, mfagiaji wa karakana. Mselem alipofika Birmingham hana pa kulala, Mbarouk ndiye aliyempa kitanda chake mtaani Small Heath, yeye akatandika gazeti sakafuni, na tangu hapo Mselem akimwita Ami, kama ndugu wa babake. Hakuwa na Kiingereza cha maana. Mselem aliitikia kwa kichwa, lakini hakumwambia mzee kitu. Hakusahau, tusidanganyane. Aliona haya kusikika akisema Kiswahili mbele ya Waingereza aliokuwa akizitaka kura zao.

Wakaingia majini. Mbarouk, aliyekuwa akitembea karakanani kama mgonjwa, akaishika kamba na mgongo ukanyooka.

"Nyie! Mnavuta juya au mnavuta shuka?" akawapigia kelele kwa Kiswahili. "We mwenye tumbo, hilo tumbo tulione leo!"

Waingereza hawakuelewa neno, wakacheka, wakavuta. Balwinder, Mpunjabi wa kwenye mapipa ya tindikali, akawa anaitikia kila mzee anaposema "haya!" Juya likafika mchangani limejaa gayogayo, wale samaki bapa, wanapigapiga.

Mbarouk akainama, akachagua wawili, wala si wakubwa, akawatunga kwenye kamba, akasema alhamdulillahi, akaondoka zake. Ndivyo ifanywavyo kwao Zanzibar: aliyesaidia kuvuta haondoki mikono mitupu, wala haombi. Kuomba ni kumwambia mwenye juya kuwa ni bahili.

"Mwizi!" Pugh akapiga ukelele. "Mrudisheni huyo!"

Watu wote wakamgeukia Mselem.

"Ami, rudisha," akamwambia chini kwa chini. "Unatuaibisha."

"Nimevuta, mwanangu. Kitoweo changu hiki."

"Hapa si kwetu."

"Kwani mwenye juya kasemaje? Wewe ndiye uliyekuwa ukimsikiliza."

Mselem angeweza kueleza. Kiingereza alikuwa nacho, na kosa lilikuwa lake. Badala yake akawageukia wenziwe, akajigonga kidole kichwani. "Msameheni. Mzee huyu akili zimeanza kumtoka."

Kicheko kikaenda ufuo mzima. Mmoja akampiga Mselem begani, pole ya kirafiki.

"Alivuta kuliko sisi sote," Balwinder akasema. "Mpeni samaki wake." Hakuna aliyemsikiliza.

Mbarouk akawarudisha wale samaki, mmoja, kisha wa pili, akanawa mikono kwa maji ya chumvi.

Basini alikaa na Mselem kama walivyokuja.

"Uliwaambia nini, wakacheka vile?"

"Niliwaambia hukujua, Ami."

"Ndiyo," mzee akasema. "Sikujua." Akageukia dirishani, akawa anatazama nje mpaka taa za Birmingham zikaonekana.

Jumatatu wakakutana uani. Mikono ikapanda, ya Waingereza wengi kuliko alivyotarajia. Wa Balwinder ulibaki mfukoni. Wa Mbarouk ulikuwa juu kabisa, mwingine umeegemea ufagio, na Mselem akashindwa kuutazama. Akatangazwa mshindi. Hotuba aliyoiandaa ilihusu heshima ya mfanyakazi. Alitamka maneno machache tu, akashukuru, akaishia hapo.

Wakaja kumpa mkono. Mbarouk akapanga foleni kama wengine, kofia kwapani. Zamu yake ilipofika, alitazama Waingereza waliomzunguka kijana, akafikiri kidogo, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha kuokota:

"Veri gudi, mista."

Mselem alimwelewa. Mzee alikuwa akimsitiri.

Na yeye, badala ya kumwita Ami yake mbele ya kadamnasi ile, akamjibu kwa Kiingereza.